Ngozi ya aliyepandikizwa kiungo: ulinganisho wa dawa za kupunguza kinga na tiba za ngozi

Mtu aliyepandikizwa figo, ini, moyo au mapafu hunywa dawa za kupunguza kinga ya mwili kwa muda wote ambao kiungo hicho kinamtumikia, kwa sababu kinga ikiachwa na nguvu zake zote hukitambua kiungo kuwa kigeni na kukishambulia. Kinga hiyohiyo ndiyo mlinzi wa ngozi: huzuia virusi vya chunjua visienee, hudhibiti fangasi, na huzisaka seli zilizoharibiwa na jua na kuziua kabla hazijageuka saratani. Ikipunguzwa kwa ajili ya kiungo, ngozi nayo hubaki bila ulinzi wake wa kawaida. Ndiyo maana wagonjwa wengi hujikuta, miaka kadhaa baada ya upasuaji, wana figo inayofanya kazi vizuri huku uso na mikono vikiota mabaka na vinundu ambavyo hawakuwahi kuwa navyo.

Hapa ninalinganisha mambo mawili ambayo mgonjwa na madaktari wake hulazimika kuyachagua: kwanza dawa zenyewe za kupunguza kinga, kwa kuwa kila moja huiathiri ngozi kwa namna yake, na pili tiba za ngozi iliyokwisha kuathirika. Msimamo wangu ni kwamba kila uamuzi unaofanywa kwa ajili ya ngozi ni uamuzi kuhusu kiungo pia, na kwamba uamuzi huo hufaa zaidi ukifanywa mapema, saratani ya kwanza inapoonekana, kuliko ukisubiri hadi ya tano. Hakuna dawa hata moja kati ya hizi ambayo mgonjwa anapaswa kuiacha au kuipunguza mwenyewe; lengo la kuzilinganisha ni kumwezesha kuingia kwa daktari akijua cha kuuliza.

Hatari ilivyo, na inavyotofautiana kwa rangi ya ngozi

Tafiti za Norway na Sweden, nchi zenye kumbukumbu za saratani za taifa zima, zilionyesha kwamba hatari ya saratani ya seli bapa (seli za tabaka la juu) za ngozi kwa aliyepandikizwa kiungo ni kubwa mara 65 hadi 100 kuliko kwa watu wengine. Saratani ya seli za tabaka la chini la ngozi, ambayo kwa watu wengine ndiyo inayoongoza, nayo huongezeka, lakini kwa takriban mara 10 tu, hivyo mpangilio wa kawaida hupinduka na ile ya seli bapa ikawa ya kwanza. Mpinduko huo una uzito mkubwa kwa mgonjwa, kwa sababu saratani ya tabaka la chini hukua polepole na ni nadra kusambaa, ilhali ya seli bapa, kwa mtu mwenye kinga iliyopunguzwa, inaweza kukua ndani ya wiki chache na kufika kwenye tezi za limfu.

Mara nyingi huanza na kibaka kidogo chenye gamba kavu kwenye ukingo wa sikio, mgongoni mwa kiganja, kwenye mdomo wa chini au kwenye kichwa kilichopungua nywele. Ukikipitishia kidole kinakwaruza kama msasa, na gamba likibanduka linarudi. Kibaka hicho kikianza kuwa kigumu kwa ndani, kikauma kinapobonyezwa, kikatoa damu bila kuguswa au kikanenepa wiki hadi wiki, hakifai tena kuitwa chunjua mpaka kipande chake kikatwe na kupimwa maabara.

Takwimu hizo zimetoka hasa kwa watu weupe, na ni kosa kuzihamisha zilivyo kwa mtu mweusi. Ngozi nyeusi inajikinga vizuri zaidi na jua, kwa hiyo hatari yake ni ndogo kuliko hiyo, lakini haiishi kabisa, na hujitokeza mahali pengine. Saratani ya seli bapa kwa waliopandikizwa wenye ngozi nyeusi mara nyingi hutokea sehemu zinazofunikwa na nguo, zikiwemo sehemu za siri na eneo la haja kubwa, ambako virusi vya papiloma, vya jamii inayosababisha chunjua, vinahusika zaidi kuliko jua. Aidha, saratani ya Kaposi, inayosababishwa na virusi vya jamii ya herpesi vya namba 8, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, ya nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania na ya Mashariki ya Kati. Madoa yake huwa ya zambarau kwenye ngozi nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi huonekana kama madoa meusi tu, mara nyingi miguuni pamoja na uvimbe, na ndiyo sababu huchelewa kutambuliwa. Daktari anayemkagua mgonjwa mweusi usoni na mikononi peke yake amekagua mahali ambapo tatizo lina uwezekano mdogo wa kuwepo. Mgonjwa ana haki ya kuomba akaguliwe mwili mzima.

Azathioprini au mikofenoleti

Dawa hizi mbili hufanya kazi inayofanana, yaani kuzizuia seli za kinga zisizaliane, na mgonjwa hupewa moja kati yake, si zote mbili. Azathioprini ilianza kutumika kwenye upandikizaji mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mikofenoleti iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 na leo ndiyo inayotumika zaidi. Kwa upande wa ngozi tofauti kati yao ni kubwa, na sababu yake inajulikana. Azathioprini ikivunjwavunjwa mwilini hutoa thioguanini, ambayo hujipenyeza ndani ya DNA ya seli za ngozi. DNA ya kawaida haifyonzi sana mionzi ya jua ya UVA, lakini yenye thioguanini huifyonza, na kwa kufanya hivyo huzalisha molekuli za oksijeni zinazoishambulia DNA hiyohiyo. UVA ndiyo mionzi inayopita kwenye kioo cha dirisha, kwa hiyo hata anayekaa ndani au kusafiri kwa gari vioo vikiwa vimefungwa hajatoka kwenye hatari. Uzuri ni kwamba wagonjwa waliohamishwa kutoka azathioprini kwenda mikofenoleti walionekana ngozi yao ikipungua wepesi wa kuumizwa na UVA.

Kwa hiyo mtu mweupe, au yeyote aliyekwisha kupata saratani ya ngozi, ambaye bado anatumia azathioprini kwa sababu tu alianzishiwa miaka mingi iliyopita, anayo hoja nzito ya kumuuliza daktari kama anaweza kuhamia mikofenoleti. Kuna upande wa pili, hata hivyo. Mikofenoleti husumbua tumbo na kuharisha zaidi, na ni hatari kwa mimba: huongeza uwezekano wa mimba kuharibika na wa mtoto kuzaliwa na kasoro. Mwanamke anayepanga kushika mimba huhamishwa kinyume, kutoka mikofenoleti kwenda azathioprini, tena angalau wiki 6 kabla ya kujaribu kupata ujauzito. Kwake ngozi inabidi ilindwe kwa nguo na losheni wakati anatumia azathioprini. Pia anayetumia azathioprini asipewe alopurino, dawa ya jongo, bila daktari wa upandikizaji kujua, kwani zikikutana zinaweza kuuharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu.

Siklosporini au takrolimasi

Hizi ndizo nguzo za tiba, siklosporini tangu miaka ya 1980 na takrolimasi tangu miaka ya 1990. Siklosporini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, ilipatikana kutoka kwa kuvu wa udongo wa Norway, na takrolimasi kutoka kwa bakteria wa udongo wa Japani. Zinafanana sana katika kazi yao lakini alama zake kwenye mwili ni tofauti kiasi kwamba daktari mzoefu huweza kukisia dawa kwa kumtazama mgonjwa.

Siklosporini huotesha nywele mahali pasipotakiwa, yaani kwenye paji la uso, mashavuni, mgongoni na mikononi, na huvimbisha fizi hadi zikaanza kuyafunika meno, hasa mtu asiposafisha kinywa vizuri. Huongeza pia tezi za mafuta usoni, zikaonekana kama vipele vidogo vya njano. Takrolimasi haina mengi ya hayo. Kinyume chake, baadhi ya watu hupungukiwa nywele za kichwani na kuwashwa mwili, na kwa ujumla dawa hii inasukuma zaidi kuelekea kisukari na kutetemeka mikono. Kwa msichana anayeota ndevu, au kijana anayeficha fizi zake anapocheka, kubadilishiwa kwenda takrolimasi si anasa. Mateso ya sura huwafanya wagonjwa, hasa vijana, waruke dawa kimyakimya, na kuruka dawa ni miongoni mwa njia za uhakika za kukipoteza kiungo. Anayekwazwa na sura yake aseme wazi, na daktari asimdharau.

Kwa upande wa saratani, sioni sababu ya kumhamisha mtu kutoka moja kwenda nyingine. Zote mbili huzuia seli kurekebisha DNA iliyoharibiwa na jua. Linaloleta tofauti zaidi ni kiwango cha dawa kwenye damu: utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1998 ulilinganisha kiwango cha kawaida cha siklosporini na kiwango cha chini, na waliokuwa kwenye kiwango cha chini walipata saratani chache zaidi, ingawa mwili ulijaribu kukikataa kiungo mara nyingi zaidi. Sehemu ya pili ya matokeo hayo ndiyo inayosahauliwa na wanaopunguza dozi wenyewe nyumbani.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, nayo haishindanishwi na yoyote, kwa sababu mara nyingi huambatana na dawa nyingine. Hufanya ngozi kuwa nyembamba, ikavia damu kwa kuguswa kidogo, huleta michirizi, chunusi za kifua na mgongo, na kuchelewesha vidonda kupona. Mengi ya hayo hupungua dozi inaposhushwa, ila michirizi hubaki.

Kubaki na dawa ya zamani au kuhamia sirolimasi

Hili ndilo chaguo zito kuliko yote, na ndilo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi kwamba lipo. Sirolimasi, iliyopatikana kutoka kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katika Bahari ya Pasifiki na kuidhinishwa mwaka 1999, pamoja na ndugu yake everolimasi, hupunguza kinga kwa njia nyingine: huzuia mfumo wa ndani ya seli unaoamuru ukuaji. Mfumo huo ndio pia unaotumiwa na uvimbe wa saratani kukua na kujitengenezea mishipa ya damu, kwa hiyo dawa moja hukilinda kiungo na wakati huohuo huukaba uvimbe.

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu ulihusu saratani ya Kaposi. Mwaka 2005 madaktari wa Italia walichapisha habari za wagonjwa 15 wa figo waliokuwa na Kaposi ya ngozi, ambao siklosporini yao ilisimamishwa na badala yake wakapewa sirolimasi. Madoa yalitoweka kwa wote ndani ya miezi 3, na figo hazikukataliwa. Kwa Kaposi basi sioni mjadala mrefu: kama hakuna kizuizi cha kitabibu, kuhamia sirolimasi ndiyo hatua ya kwanza ya kujadili na daktari, kwa sababu bila hiyo mara nyingi hulazimu kupunguza dawa zote na kuhatarisha figo.

Kwa saratani ya seli bapa mizani ni ngumu zaidi. Katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 120 wa figo waliokwisha kupata saratani hiyo waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakabaki na siklosporini au takrolimasi na wengine wakahamia sirolimasi. Ndani ya miaka 2, saratani mpya ilitokea kwa asilimia 22 ya waliohamia na kwa asilimia 39 ya waliobaki. Nafuu hiyo ilionekana hasa kwa wale waliokuwa wamepata saratani moja tu kabla ya kuhamia. Waliokwisha kupata nyingi walifaidika kidogo. Hapo ndipo msingi wa ninachosisitiza: mazungumzo haya yafanyike baada ya saratani ya kwanza. Upasuaji wa kuondoa uvimbe ukiisha na kidonda kikapona, mgonjwa aulize siku hiyohiyo kama anafaa kubadilishiwa.

Hata hivyo karibu robo ya waliohamia waliiacha sirolimasi kwa sababu ya madhara. Huleta vidonda vya mdomoni vinavyomkosesha mtu raha ya kula, chunusi nzito hata kwa mtu mzima asiyewahi kuwa nazo, uvimbe wa miguu, mafuta mengi kwenye damu, na protini kupotea kupitia mkojo. Huchelewesha sana vidonda kupona, na kwa sababu hiyo haianzishwi mara tu baada ya kupandikizwa, na anayesubiri upasuaji mwingine huahirishiwa au hubadilishiwa kwa muda. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2014 uliongeza onyo zito zaidi: waliotumia sirolimasi walipata saratani chache, lakini vifo kwa jumla vilikuwa vingi zaidi kati yao. Naliweka hili wazi kwa sababu mgonjwa anayeambiwa tu kwamba dawa inapunguza saratani hajaambiwa ukweli wote.

Kwa hiyo ni nani anayefaa? Kwa maoni yangu ni mtu mwenye Kaposi, au aliyepata saratani ya kwanza ya seli bapa na yumo hatarini kupata nyingine, ambaye figo yake inafanya kazi vizuri, mkojo wake hauna protini nyingi, mapafu yake ni mazima, na yuko tayari kupimwa damu mara kwa mara. Anayepoteza protini nyingi kwenye mkojo abaki alipo. Na kuhama kufanywe polepole, kwa sababu katika utafiti uleule wa mwaka 2012 waliobadilishwa kwa haraka walipata madhara makubwa mengi zaidi.

Chunjua, fangasi na mkanda wa jeshi

Kwenye maambukizi, swali la kwanza ni kama dawa ya ngozi itagongana na dawa ya kiungo. Ubora wa dawa yenyewe hufuata baadaye. Kwa fangasi, dawa za kunywa za jamii ya flukonazoli na itrakonazoli hupandisha kiwango cha takrolimasi, siklosporini na sirolimasi kwenye damu hadi kuweza kuidhuru figo, ilhali terbinafini haina mgongano mkubwa wa namna hiyo. Kwa choa cha mahali padogo krimu ya kupaka inatosha na ni salama zaidi kuliko kidonge chochote. Kwa chunusi ni vivyo hivyo: erithromaisini na klarithromaisini hupandisha kiwango cha dawa, kwa hiyo doksisaiklini huwa chaguo bora, ingawa nayo huifanya ngozi iungue na jua upesi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, kwa upande mwingine, hushusha kiwango na kuweza kusababisha kiungo kukataliwa.

Chunjua za mtu aliyepandikizwa huwa nyingi, hung'ang'ania, na hurudi. Asidi ya salisiliki ya kupaka kila siku ni ya polepole lakini haiachi kovu. Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika ni kwa haraka ila huuma na huweza kuacha doa jeupe, jambo linaloonekana sana kwenye ngozi nyeusi. Ningeanza na ya kwanza, isipokuwa pale chunjua inapouma, inapotoa damu au inapokua peke yake huku nyingine zimetulia. Hiyo si ya kutibiwa kwa kukisia, ikatwe ipimwe.

Kuhusu mkanda wa jeshi, chaguo ni rahisi. Chanjo yenye virusi hai haifai kabisa baada ya kupandikizwa. Chanjo mpya isiyo na virusi hai, inayotolewa kwa dozi 2, inaruhusiwa, na daktari anaweza kuipanga kabla au baada ya upandikizaji. Akipata malengelenge ya upande mmoja wa mwili yenye maumivu ya kuchoma, mgonjwa asisubiri miadi yake, kwani dawa za kuua virusi hufaa zaidi zikianza ndani ya siku 3.

Mabaka ya jua: kugandisha, krimu au tiba ya mwanga

Mabaka yenye magamba yanayotangulia saratani hayafanani na saratani yenyewe, ambayo dawa yake ni kukatwa. Baka moja au mawili hugandishwa kwa naitrojeni, na kazi imekwisha. Ugumu uko kwa mwenye mabaka mengi kwenye paji la uso au kichwani, kwa kuwa ngozi yote iliyo katikati nayo huwa imeshaharibika hata kama inaonekana safi. Hapo hutibiwa eneo zima.

Kuna njia tatu kuu. Krimu ya fluorourasili huua seli zinazozaliana kwa kasi. Krimu ya imikwimodi huichochea kinga ya ngozi ya mahali hapo iziue yenyewe. Tiba ya mwanga hupaka dawa inayojikusanya ndani ya seli mbovu, kisha kuimulika ili ziungue. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019, ambao haukuwalenga waliopandikizwa viungo, uliona kwamba baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa takriban watu 75 kati ya 100 waliotumia fluorourasili, 54 waliotumia imikwimodi na 38 waliotibiwa kwa mwanga. Kinga ikiwa imepunguzwa mafanikio hutarajiwa kuwa madogo zaidi, hasa kwa imikwimodi, ambayo hutegemea kinga hiyohiyo kufanya kazi. Wengine huhofia pia kwamba kuichochea kinga kunaweza kuamsha mwili uukatae upandikizi. Tafiti zilizofanywa kwa waliopandikizwa, zikitumia krimu kwenye eneo dogo, hazikuliona hilo, lakini ni busara kutoipaka eneo pana.

Mimi ningeanza na fluorourasili, mradi mgonjwa aambiwe kitakachotokea, kwani wengi huiacha katikati wakidhani imewadhuru. Siku za kwanza hakuna kitu. Karibu na mwisho wa wiki ya kwanza mabaka huanza kuwa mekundu, yakiwemo yale ambayo hayakuwa yanaonekana. Wiki ya pili na ya tatu ngozi huchubuka, hutoa majimaji, hufanya ukoko na kuwasha kama imeungua. Huo ndio utendaji wenyewe wa dawa. Ikisimamishwa kwa wakati uliopangwa, kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 4, ngozi hupona ndani ya wiki chache ikiwa laini. Usaha, homa au uwekundu unaotambaa nje ya eneo lililopakwa ni jambo jingine, na hapo mgonjwa arudi hospitali haraka. Tiba ya mwanga inamfaa zaidi asiyeweza kuvumilia wiki za uso kuchubuka, kwani humalizika kwa kikao kimoja au viwili, ila maumivu ya wakati wa kumulikwa ni makali. Ile inayotumia mwanga wa mchana badala ya taa huuma kidogo sana.

Vidonge vya kuzuia: asitretini au nikotinamidi

Nikotinamidi, aina ya vitamini B3, ilipata sifa mwaka 2015 pale utafiti wa Australia ulipoonyesha kwamba miligramu 500 mara mbili kwa siku hupunguza saratani mpya za ngozi kwa asilimia 23 kwa watu wasiotumia dawa za kupunguza kinga. Wagonjwa wengi waliopandikizwa wakaanza kuitumia. Lakini utafiti uliofanywa kwa waliopandikizwa wenyewe, ukiwa na watu 158 na kuchapishwa mwaka 2023, haukuona tofauti yoyote na kidonge kisicho na dawa. Ulisitishwa mapema kwa kukosa washiriki wa kutosha, hivyo haufungi mlango kabisa. Hata hivyo anayetegemea nikotinamidi peke yake anategemea kitu ambacho kwake hakijathibitika.

Asitretini, kidonge cha jamii ya vitamini A, hufanya kazi kweli, na kwa mtu anayepata saratani kadhaa kila mwaka inaweza kubadilisha maisha. Gharama yake kwa mwili ni midomo iliyopasuka, ngozi na macho makavu, nywele kupungua na mafuta kupanda kwenye damu, jambo linalozidi ikiambatana na sirolimasi. Ikiachwa, saratani hurudi, wakati mwingine kwa wingi, kwa hiyo haianzwi kwa majaribio. Na mwanamke anayeweza kushika mimba kwa kweli haifai kwake, kwa kuwa humlazimu kujizuia na ujauzito hadi miaka 3 baada ya kuiacha.

Losheni, nguo, na dawa nyingine za kuangaliwa

Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2009 uliwafuata waliopandikizwa 120 kwa miaka 2: nusu waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku hawakupata saratani hata moja mpya ya seli bapa, wakati nusu nyingine walipata 8. Kati ya losheni za madini, yaani zinki na titani, na zile za kemikali, inayofaa ni ile ambayo mtu ataipaka kila asubuhi kwa wingi wa kutosha. Za madini haziwashi sana, lakini huacha weupe kwenye ngozi nyeusi, na zenye rangi huondoa tatizo hilo. Shati la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana havifutiki kwa jasho, kwa hiyo losheni ibaki kwa uso, masikio, shingo na migongo ya viganja. Wanaojikinga hivyo huweza kupungukiwa vitamini D, na inafaa ipimwe.

Zipo pia dawa mbili zisizo za upandikizaji zinazostahili kubadilishwa mapema kuliko zote, kwa sababu mbadala wake upo. Vorikonazoli, inayotumika kuzuia fangasi hasa kwa waliopandikizwa mapafu, huifanya ngozi iungue vibaya na jua na huongeza saratani ya seli bapa ikitumika kwa muda mrefu. Posakonazoli mara nyingi huweza kushika nafasi yake, huku viwango vya dawa za kinga vikipimwa upya. Haidroklorothiazaidi, dawa ya presha, iliwekewa onyo na mamlaka ya dawa ya Ulaya mwaka 2018 kwa kuhusishwa na saratani za ngozi zisizo melanoma (saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi). Mgonjwa aliyekwisha kupata saratani ya ngozi na bado ameandikiwa mojawapo ya hizi amwonyeshe daktari orodha yake yote ya dawa katika miadi ijayo, na katika miadi hiyohiyo apangiwe ukaguzi wa mwili mzima: mara moja kwa mwaka kama hajawahi kupata saratani, na kila baada ya miezi 3 hadi 6 kama amekwisha kuipata.